Bunduki ya upepo juu ya meza ya jikoni



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita, baada ya swala ya Alasiri, alitujia ofisini mzee mmoja wa msikiti wetu, simu mkononi na uso umemkunjamana. Mwanawe wa kiume anaishi Uingereza pamoja na mke na watoto, na ni miaka mingi sasa. Mzee akatuonesha picha aliyotumiwa usiku wa kuamkia siku ile. Ilikuwa meza ya jikoni iliyotandikwa gazeti, na juu ya gazeti vipande vya chuma vimepangwa kwa safu: bomba refu, springi nene yenye urefu wa zaidi ya shubiri, pistoni, skrubu, na kando yake kitako cha mbao kilichochubuka. Chini ya picha mwanawe alikuwa ameandika: "Baba, mjukuu wako anatengeneza bunduki ndani ya nyumba yangu. Nimemwambia nitaitupa. Mama yake halali. Tuulizie kwa masheikh wenu, dini inasemaje?"

Hatukuwa na jawabu siku ile, na tulimwambia mzee ukweli huo. Chuoni tulisoma milango ya uwindaji na machinjo katika vitabu vya fiqhi, lakini hakuna mwalimu aliyetufungulia bunduki mezani. Na kutoa hukumu juu ya kitu usichokijua ni kumdhulumu anayekuuliza na kumdhulumu anayeulizwa habari zake. Tukamwomba mzee namba ya mjukuu wake, tukazungumza na kijana huyo nyakati za usiku. Alitupokea kwa adabu, akatuita Ustadhi, na akatueleza kazi yake kwa subira ambayo hatukuitarajia. Ana miaka 19 na anasomea ufundi wa mitambo.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Bunduki ya upepo haina baruti. Ndani ya bomba lake mna springi ya chuma na pistoni. Mpigaji huvunja mtutu kwa kuuinamisha chini, na kitendo hicho huisukuma pistoni nyuma na kuibana springi mpaka inaswe na kifyatulio. Akivuta kifyatulio, springi hujikunjua, pistoni hukimbilia mbele, hewa iliyo mbele yake hubanwa ghafla, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma risasi itoke. Risasi zake ni ndogo, za madini ya risasi, zina kiuno chembamba katikati na sketi nyuma, na ya kipenyo kidogo haifiki hata gramu moja. Aina nyingine hutumia hewa inayopampiwa kwa mkono, na nyingine mtungi mdogo wa gesi ya kaboni.

Chombo hiki si kipya. Jeshi la Austria lilitumia bunduki ya hewa iliyoundwa na Girardoni tangu karibu na mwaka 1780. Pale Uingereza, kiwanda cha BSA cha Birmingham kilianza mwaka 1905 kutengeneza bunduki za springi zilizobuniwa na Lincoln Jeffries, na tangu hapo mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo ukaingia katika vijiji na vitongoji vya nchi ile. Zipo za bei ya juu, kazi za mafundi wakubwa. Zipo pia za bei nafuu, nyingi zikitoka China, ambazo kijana mwenye kibarua cha Jumamosi anaweza kuinunua iliyotumika kwa akiba ya majuma machache.

Tulimuuliza kijana kwa nini hakungoja akapata iliyo bora. Jawabu lake lilitufungua macho. Alisema wanaoipenda kazi hii huitafuta ile ya bei nafuu makusudi. Ikiharibika mikononi mwa mwanafunzi, hasara ni ndogo. Na kwa kuwa kiwandani iliundwa kwa haraka, imeachwa na kasoro nyingi ambazo mtu mwenye tupa, msasa na saa zake anaweza kuzimaliza mwenyewe. Marekani nako, alisema, wapo watu wazima waliomaliza miaka wakiibadilisha bastola moja ya kupampu ya Crosman, ile ya 1377, kipande kwa kipande, mpaka hakibaki cha awali ila bomba.

Akatuhesabia kasoro hizo. Matundu yaliyokatwa ndani ya bomba huachwa na ncha kali, na ncha hizo huukwaruza mpira wa pistoni kila inapopita, hewa ikavuja. Springi haikai sawasawa juu ya nguzo yake ya ndani, kwa hiyo kila bunduki ikifyatuliwa hutetemeka na kulia kama sinia lililoanguka. Mtutu hujazwa grisi ya kuzuia kutu na hausafishwi. Mdomo wa mtutu, mahali pa mwisho risasi inapogusa chuma kabla ya kwenda zake, haukukatwa mraba, kwa hiyo risasi hutoka imesukumwa upande. Skrubu za kitako hulegea kila baada ya mapigo machache. Na kifyatulio ni kizito, huvutwa kama ndoo kisimani.

Basi kazi yake ya miezi miwili ilikuwa hii. Kuzilainisha zile ncha kwa tupa ndogo na msasa. Kubadilisha mpira wa pistoni. Kuchonga nguzo mpya ya plastiki ngumu inayoijaa springi barabara, ili isitetemeke. Kusafisha mtutu, na kuusawazisha mdomo wake. Kupaka grisi maalumu utando mwembamba tu. Kujaribu aina tano za risasi, kumi kumi kwa kila aina, na kuandika katika daftari ipi inakusanyika vizuri kwenye karatasi. Kisha akakipiga kitako msasa na kukipaka mafuta ya kitani tabaka baada ya tabaka, kila tabaka likikauka usiku mzima.

Alitucheka kidogo tulipomuuliza kuhusu utando mwembamba. Siku ya kwanza hakujua, akatia mafuta mepesi ya cherehani kwa wingi. Hewa inapobanwa ghafla hupata joto kali, na mafuta yaliyo mbele ya pistoni huwaka kama ndani ya injini ya dizeli. Bunduki ikatoa kishindo na moshi ndani ya banda la gari, na mama yake akatoka mbio akidhani mtungi wa gesi umelipuka. Risasi ilikwenda kwenye sanduku la mchanga alilokuwa ameliweka ukutani, alhamdulillahi. Lakini kuanzia siku hiyo mama hakulala vizuri.

Tulimuuliza pia juu ya hatari za kazi yenyewe, naye hakuficha. Springi huwa imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokiwa. Anayefungua pini ya nyuma bila kuishikilia springi kwa jiliwa au kibanio maalumu huweza kupigwa usoni na chuma. Zipo aina za bei nafuu ambazo chumba cha hewa huteleza nyuma kwa wenzo wa chini, na kifyatulio kikiponyoka wakati mtu anaingiza risasi, chuma hurudi kwa nguvu na kukata kidole. Kwa hiyo mkono mmoja hauachi wenzo mpaka risasi imeingia. Anayekisugua kifyatulio kupita kiasi ili kiwe chepesi hujitengenezea bunduki inayojifyatua ikigongwa. Na madini ya risasi ni sumu. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na meza ya jikoni si mahali pake. Hapo alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo la meza, Ustadhi, mama ana haki."

Mpaka hapo tulikuwa tumeanza kumpenda kijana na kazi yake. Ndipo akatuambia, kwa fahari, kwamba juma lile alikuwa ameitoa springi ya zamani na kutia mpya yenye nguvu zaidi. "Sasa inapiga kweli," alisema.

Tukamuuliza: "Umepima?"

Alijibu kwamba hakupima, ila sauti na mgongano wake unaonesha.

Ndugu wasomaji, hili ndilo jambo lililotufanya tuandike makala haya. Sheria ya Uingereza haiitazami bunduki ya upepo kwa umbo lake wala kwa nia ya mwenye nayo. Huitazama kwa namba. Bunduki ya upepo ya mtutu mrefu ikitoa nishati isiyozidi futi-pauni 12, sawa na juli 16.27 hivi, mtu mzima katika England na Wales anaweza kuwa nayo bila cheti. Bastola kikomo chake ni futi-pauni 6. Ya mtutu mrefu ikizidi kikomo chake, bunduki ile ile ya juzi inakuwa silaha inayohitaji cheti cha polisi, na kuwa nayo bila cheti ni kosa ambalo mahakama inaweza kulitolea kifungo. Scotland imekwenda mbali zaidi: tangu mwisho wa mwaka 2016 hata hizi za nguvu ndogo zinahitaji cheti.

Na namba hiyo iko karibu kuliko kijana anavyodhani. Tulikaa na karatasi tukapiga hesabu naye kwenye simu. Nishati ni nusu ya uzito ukizidisha kwa mwendo, kisha kwa mwendo tena. Risasi yake ina gramu 0.55. Ikitoka kwa mwendo wa mita 240 kwa sekunde, inabeba juli 15.8, na yuko ndani ya sheria. Ikitoka kwa mita 250, inabeba juli 17.2, na yuko nje. Tofauti ni mita 10 kwa sekunde, ambazo sikio halizisikii wala bega halizihisi. Springi moja ya duka inatosha kuzivuka. Na kikomo hakihesabiwi kwa risasi aipendayo mwenye bunduki. Mpimaji anaweza kujaribu risasi za uzito mbalimbali, na ile itakayotoa nishati kubwa ndiyo itakayohukumu.

Kijana alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa amewahi kusikia habari za kikomo, akadhani kinawahusu wenye bunduki kubwa. Yeye ya kwake ni ya bei rahisi, ya kujifunzia.

Siku ya tatu yake akatupigia yeye mwenyewe. Alikuwa amekwenda kwa mtu mzima mmoja wa klabu yao ya shabaha, mwenye kipima mwendo, chombo ambacho risasi hupita juu ya macho yake mawili na kikaonesha kasi. Springi mpya ilitoa mita 251 kwa sekunde, yaani juli 17.3. Yule mtu mzima hakumpigia kelele. Alimwambia tu: "Hii usiondoke nayo hapa ilivyo." Wakaifungua pale pale, wakairudisha springi ya zamani pamoja na nguzo aliyoichonga. Wakapima tena mapigo kumi. Wastani ukawa mita 228, juli 14.3, na mapigo yote kumi yakikaribiana.

Kisha wakapiga shabaha umbali wa mita 20. Kwa springi kali, juma lililotangulia, risasi zake kumi zilikuwa zimetawanyika upana wa kisahani cha chai. Kwa springi ya zamani iliyokaa sawa, zote zilienea mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa. Alitutumia picha ya karatasi zote mbili. Nguvu zilipungua na shabaha ikaongezeka, kwa sababu springi kali huifanya bunduki iruke mbele na nyuma kabla risasi haijamaliza kutoka mtutuni, na mkono wa mwanafunzi hauwezi kuituliza.

Tulimpelekea mzee picha hizo. Alizitazama, akasema: "Kwa hiyo miezi miwili alikuwa akitengeneza, na siku moja alikuwa akiharibu." Hatuna maneno bora kuliko hayo.

Sasa turejee kwenye swali tuliloulizwa. Dini inasemaje?

Kulenga shabaha si jambo geni kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza Masahaba kujifunza kurusha mishale, na vitabu vya hadithi vina milango yake. Lakini ipo hadithi nyingine, iliyopokewa na Abdullah bin Mughaffal, ambayo kwa maoni yetu inalihusu jambo hili kwa karibu zaidi. Inakataza kuchezea kurusha vijiwe kwa vidole. Sababu iliyotajwa humo ni kwamba kijiwe cha namna hiyo hakina faida katika uwindaji wala vitani, ila kinaweza kuvunja jino au kutoboa jicho. Ukiitafakari sababu hiyo utaona kwamba udogo wa chombo haukuhesabiwa kuwa udhuru. Jicho la mtoto haliulizi kama kilicholipiga kilinunuliwa ghali au rahisi. Na risasi ya upepo ina kasi mara nyingi kuliko kijiwe cha vidole.

Kwa hiyo hatukuikuta haramu katika kazi ya kijana ya kusugua, kupima na kulenga karatasi. Tulikuta masharti, na tukamwandikia baba yake kwa mkono wa mzee kama ifuatavyo.

Sharti la kwanza ni kufuli. Ndani ya nyumba ile yumo mdogo wake mwenye miaka kumi. Tangu mwaka 2011 sheria ya nchi ile inamtaka mwenye bunduki ya upepo achukue tahadhari za kutosha ili aliye chini ya miaka 18 asiifikie bila ruhusa, na aliye chini ya umri huo haruhusiwi kuinunua. Bunduki ikae kabatini chini ya kufuli, risasi zikae mahali pengine, na ufunguo usiwe juu ya kabati ambako mtoto akipanda kiti anaufikia. Hata bila sheria hiyo, amana ya mtoto mdogo ingetosha kulidai jambo hili.

La pili, asielekezewe mtu kamwe, hata ikiwa tupu na hata kwa mzaha. Makatazo ya kumwelekezea ndugu yako chuma ni mashuhuri. Na asiifyatue tupu kwa kuchezea. Pasipo risasi hewa haipati kitu cha kukisukuma, na pistoni hugonga ukuta wa mbele na kujivunja. Hapa adabu ya dini na adabu ya ufundi zimekutana.

La tatu, lengo liwe karatasi, si ndege wa bustanini. Tumelaaniwa kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, na hadithi ya Ibn Umar juu ya hilo haina utata. Ama anayewinda kwa ajili ya chakula, ajue kwamba kilichokufa kwa kugongwa kimo katika vilivyoharamishwa ndani ya Suratul Maida, na wanazuoni wana maneno marefu kuhusu risasi ndogo kama hizi, iwapo zinachoma au zinagonga. Akimdiriki mnyama yu hai akamchinja, hapana shaka. Vinginevyo asilete nyumbani nyama yenye shaka.

La nne, asibadilishe kitu chochote cha ndani bila kupima baada yake. Daftari lake liwe na safu ya mwendo karibu na safu ya shabaha. Na bunduki ikisafirishwa kwenda klabuni iwe tupu na ndani ya mfuko wake, kwa sababu kuitembeza hadharani bila sababu ya msingi ni kosa pale.

La tano tulimwandikia baba peke yake. Tulimwambia: ndugu yetu, kabla hujaitupa, nenda naye klabuni mara moja. Kaa nyuma ya mstari, utazame. Mwanao amekaa miezi miwili mezani akisugua chuma kwa msasa katika umri ambao wenzake wengi hawakai dakika kumi na kitu kimoja. Aliposahihishwa alirudi nyuma siku ile ile. Kijana wa namna hii akinyang'anywa kazi yake mbele ya mdogo wake, atajifunza kuificha, na bunduki iliyofichwa haipimwi wala haifungiwi kufuli.

Kwa wasomaji wetu wa hapa nyumbani tunaongeza neno moja. Tuliyoyaeleza ni sheria za Uingereza. Hapa kwetu sheria ni nyingine, na anayetamani chombo cha namna hii, hata cha upepo, hata cha bei ya chini, aanzie kituo cha polisi kuuliza kabla hajaanzia dukani.

Ijumaa iliyopita mzee alitusubiri mlangoni baada ya swala. Mwanawe amekwenda klabuni. Alipiga risasi kumi, na saba hazikuigusa karatasi. Mjukuu akamfundisha kushika kitako kwa ulaini bila kukibana, kwa sababu bunduki ya springi ikikamatwa kwa nguvu hukosa shabaha. Risasi kumi za pili zote ziliingia karatasini. Kabati la chuma limenunuliwa, ufunguo anao mama, na meza ya jikoni imerudishiwa kitambaa chake.

Wabillaahi tawfiiq.